Kugawa Sauti Mbele ya Okestra

Waandishi wa magazeti ya muziki wana swali moja wanalolipenda mno. Wananikalisha chumba cha nyuma ya jukwaa, katika mji wowote ninaoongoza opera wiki hiyo, wananimiminia kahawa, kisha wanauliza: ni nani aliyekufundisha kuongoza okestra? Wanachotaka ni jina la mzee fulani wa Ulaya. Zamani nilikuwa nawapa, maana nilitaka waniandike vizuri. Siku hizi siwapi. Nawaambia nilifundishwa na wauguzi wa Kikenya, makarani wa Kitanzania na Wakongomani wa sauti ya nne, katika chumba cha chini cha kanisa la kuazima, Riverdale Park, Maryland. Wanatabasamu, hawaandiki, wanauliza tena. Nami najibu vilevile. Basi wacha niandike mwenyewe.

Nilikwenda Marekani miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nikafikia kwa shangazi yangu, katika mji wa Bowie. Shangazi alikuwa karani wa ofisi moja ya serikali mjini Washington, ana nyumba yake, gereji yake, na nyasi zilizokatwa kama za majirani. Ni mtaa ambao bila gari huendi popote, hata kununua chumvi. Nilikuja kusoma shahada ya pili ya uongozaji wa okestra katika chuo kikuu kimoja cha huko, na kanisani shangazi aliwaambia watu kwamba nasoma "mambo ya sanaa", kwa sauti ya mtu anayetaja maradhi ya ndugu yake.

"Mwanangu," aliniambia mezani juma la kwanza, "hiyo ya kupunga mikono ndiyo kazi gani? Wenzio wanachukua CNA, cheti cha kuuguza wazee, miezi michache tu mtu yuko kazini, ana-support wazazi. Wewe utampungia nani?"

Binti yake, aliyezaliwa hukohuko, alikuwa anaelewa kila neno. "Mom, she literally just waves at people," alisema, akaendelea kula wali wake.

Nilikasirika. Tangu nikiwa msichana nilikuwa nikisikia okestra kwenye redio ya baba na kujua kwamba mahali pangu ni pale, katikati ya ile sauti yote. Sikuwa nimevuka bahari kuja kuomba ruhusa mezani.

Kanisani kwetu tulikuwa tukisali Kiswahili Jumapili alasiri, baada ya Wamarekani wenye jengo kumaliza ibada yao. Kwaya ilikuwa haina mwalimu. Ilikuwa na Wakenya wa bara, Watanzania wa kila kona na Wakongomani, na kila kundi lilikuwa na maneno yake kwa kila wimbo, wakigombana kistaarabu. Niliposema naweza kufundisha walinikabidhi chumba cha chini, kinanda cha umeme chenye kidude kimoja kisicholia, na watu waliotoka kazini moja kwa moja, wengine bado wana sare za hospitali. Jambo la kwanza nililofanya ni lile analofanya kila mwalimu wa kwaya kwetu. Niligawa sauti.

Kwa asiyezijua kwaya zetu, ni hivi. Mwalimu husimama mbele, huitafuta do, kisha huimba pole pole sauti ya kuanzia ya kila kundi: soprano hii, alto hii, tenor hii, besi hii. Kila kundi huipokea kwa kuivumisha mdomo ukiwa umefumbwa. Zikishakaa zote, kunakuwa kimya, ndipo mkono unapanda. Mwalimu anayeanza wimbo bila kugawa sauti ni kama mwenyeji anayeketi kula bila kuwanawisha wageni.

Sasa njoo chuoni. Profesa wetu alikuwa mrefu, mpole, ameongoza opera katika nchi nyingi, anavaa skafu hata ukumbini kukiwa na joto. Siku ya kwanza ya okestra kila mwanafunzi alipewa nafasi fupi. Nilipanda, nikafungua kitabu cha nota. Hapo mwili wangu ukanitangulia. Niliwageukia wapiga fidla, nikawaimbia nota yao ya kwanza. Nikawageukia wapiga filimbi, nikawapa yao. Nikainama kwa wale wenye fidla nene za sauti ya chini, nikawapa yao, kisha nikasimama nikisubiri waipokee.

Mpiga filimbi mmoja, dada mwenye nywele nyekundu, akaangua kicheko. Wakamfuata wote.

Ukifikiri unaona kwa nini. Mpiga filimbi hana haja ya kupewa sauti, sauti yake iko vidoleni. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Lakini tangu utoto sikuwahi kusimama mbele ya watu wanaotaka kuanza wimbo nisiwape sauti, na mikono yangu haikujua kwamba tumehama nchi. Kuanzia siku hiyo nikipita koridoni mtu alikuwa akivumisha do, mi, so, do nyuma yangu.

Profesa aliniita ofisini, akanipa kiti. Alisema nina kipaji kikubwa cha kuongoza watu wanaoimba kwa kujifurahisha. Alisema mlango uliobaki ni mmoja: majira ya kuchipua idara ingeonyesha opera ya Kiitaliano, na mwanafunzi mmoja angeongoza sehemu ya mwisho kutoka kwenye shimo la okestra, pale chini mbele ya jukwaa. Tulikuwa tumebaki wawili, mimi na kijana mmoja wa huko. Atakayepata shimo angeendelea na okestra. Atakayekosa angehamishiwa tawi la kwaya. Alinishauri nijitoe mapema nisije nikaaibika mbele za watu.

"Nitashindana," nikamwambia.

Alitabasamu kama unavyomtabasamia mtoto anayesema atabeba gunia. Niseme wazi: sina ubaya na kwaya, kwaya ndiyo iliyonilea. Nilichokataa ni kupangiwa. Mtu aninyime kitu baada ya kunisikia, sawa. Aninyime kwa sababu nimeimba do mbele ya filimbi? Thubutu!

Tatizo likawa mazoezi. Mwenzangu alikuwa na marafiki kwenye okestra, wanakusanyika Jumamosi kumpigia ajizoeze. Mimi nilikuwa na kinanda chenye kidude bubu. Huwezi kujifunza kuongoza okestra mbele ya kioo, kioo hakichelewi wala hakikosei. Nikakaa maktaba wiki nyingi nikiigeuza ile sehemu ya mwisho ya opera kuwa solfa, zile do, re, mi za kwaya, ala moja moja, fidla hadi ngoma. Nikatoa fotokopi. Jumapili iliyofuata, baada ya nyimbo za ibada, nikazigawa.

Mwenyekiti wa kwaya, Mkenya aliyekuwa akitunza wazee kule Rockville, aligeuza karatasi juu chini. "Mwalimu, hii ni nini sasa? Hii wimbo haina hata maneno."

"Ni okestra."

"Okestra iko wapi?"

"Ni ninyi."

Wakatazamana. Mama mmoja muuguzi, mnene, Mkenya pia, sauti yake kali kama wembe, akauliza, "Na mimi nitakuwa nani?"

"Filimbi."

"Filimbi." Alilitafuna neno kidogo. "Haya. Niko na double shift kesho, miguu imenifura, lakini leo wacha niwe filimbi."

Mkongomani mmoja wa besi akainua mkono. "Siye tutakuwa fidla munene, c'est bon, ni sawa. Lakini chef, mukubwa wetu, hii opera inaongea nini?"

Nikamweleza kwamba kuna mwanamke ameamriwa na wakubwa wa mji aondoke, naye mwishoni anasimama katikati ya uwanja anakataa.

"Ah," akasema, "huyo namujua."

Tukaanza. Mwanzoni ilikuwa vurugu ya kuchekesha. Besi walikuwa wakikimbia mbele, soprano wanaomba wimbo uteremshwe, watoto juu ya ngazi wanatuigiza. Nami nilifanya kosa la mwalimu wa kwaya: kila kundi likiyumba naimba nalo, nalivuta kwa sauti yangu. Yule Mkongomani ndiye aliyenisimamisha.

"Dada chef, attends, ngoja. Mukono yako inasema kitu moja, mudomo inasema kitu ingine. Siye tufuate nani? Funga mudomo kwanza."

Wakacheka, lakini walikubaliana naye wote. Nikaufunga. Nisipoimba, sikuwa na chochote isipokuwa mikono, na pale mikono yangu ilipokuwa na mashaka watu wote walisimama wakinitazama. Niliumia. Nilirudi Bowie nikiwa na hasira na mabega yangu. Wiki baada ya wiki nikajifunza kuonyesha kitu kabla hakijafika, na kuacha watu wapumue.

Yule mama alikuwa na mahali pagumu kuliko wote. Filimbi hukaa kimya muda mrefu, kisha huingia peke yake, juu kabisa, okestra yote ikiwa imezimika. Nilimwambia ahesabu. Akakataa katakata.

"Mimi sihesabu. Nikihesabu nafikiria dawa za wagonjwa. Wewe kuna vile unainua bega la kushoto. Nikiona bega, naingia."

Na kweli, hakukosa hata siku moja. Alisema anaiimba kazini akiwaogesha wazee, na wapo wanaomwomba airudie.

Shangazi alikuwa akinisubiri kona ya nyuma, koti mwilini, mkoba mapajani, ili anirudishe nyumbani. Mara ya kwanza alitazama saa mazoezi yote. Jumapili moja nikasikia tarumbeta zikiingia kutoka kona ile ya koti. Sikugeuka, nilimjua, ningegeuka angeacha. Tukiwa barabarani kwenda Bowie, karibu na nyumbani, alipunguza mwendo.

"Wale wa tarumbeta wanaingia mapema mno," akasema. "Waambie."

Siku ya majaribio ilikuwa Jumamosi mchana, ukumbi wa chuo, milango wazi kwa yeyote. Niliwaambia kwaya waje kama wana nafasi. Walikuja wote, na walikuja na sare: kitenge cha bluu, akina baba mashati ya kitenge hichohicho, kwa sababu kwetu mwalimu akiwa na shughuli kwaya haiendi kinyumbani. Wakajaza safu ya pili. Profesa alinijia na kuuliza kwa upole kama wageni wangu wamekuja kutumbuiza.

"Wamekuja kusikiliza," nikajibu.

Mwenzangu alianza. Aliongoza safi, sina haja ya kumpunguza. Kisha nikaitwa mimi. Nilipopanda, mtu katikati ya fidla alivumisha do, mi, so, do, na vicheko vikapita chinichini. Safari hii nilifunga mdomo. Niliwatazama mmoja mmoja mpaka wakatulia, nikainua mikono, na nyuma ya mgongo wangu nikasikia safu nzima ya pili ikivuta pumzi.

Nilikuwa sijawahi kuwapa mgongo watu wale. Mwalimu wa kwaya huwatazama waimbaji wake usoni. Pumzi ile ilinishika mabegani, nikashusha mikono, na okestra ikaingia. Ilikuwa nzuri. Sitajifanya mnyenyekevu: ilikuwa nzuri sana. Niliwaonyesha kila kitu kabla hakijafika, na walipogundua kwamba wanaweza kuniamini waliacha kutazama karatasi wakaanza kunitazama mimi. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niilinganishe na nini.

Tukafika kwenye kimya cha filimbi. Okestra ikazimika. Nikainua bega la kushoto, nikampa yule dada mwenye nywele nyekundu mahali pake, wazi kabisa. Alikuwa amepoteza hesabu, macho yamekwama kwenye karatasi.

Na filimbi ikaingia. Iliingia kutoka safu ya pili, kwa solfa, sauti kali kama wembe, juu ya nota yenyewe hasa. Yule mama alikuwa ameliona bega.

Ukumbi mzima uligeuka. Profesa, aliyekuwa ameketi pembeni ya jukwaa, alinyanyuka, mkono juu, kuniashiria nisimamishe. Nilimwona vizuri, nikaendelea. Yule dada alishtuka, akapandisha filimbi yake mdomoni, akaingia chini ya sauti ya mama, na wakatembea pamoja mpaka mwisho wa ule mstari. Kisha nikafunga vidole vya mkono wa kushoto kama ninavyofanya kila Jumapili, na mama akanyamaza papo hapo. Tukamaliza. Safu ya pili ikapiga vigelegele, wengine wakapiga makofi, wengine wakakaa tu.

Profesa aliniita pembeni. Alisema kazi yangu imemshangaza, na kwamba shimo ni langu. Nilihisi machozi yananilengalenga. Halafu akasema kuna sharti. Watu wale wasije siku za opera, na Jumatatu nisimame mbele ya okestra niombe radhi kwa niaba yao, kwa sababu opera si ibada.

"Niombe radhi kwa kosa gani?"

"Waliingilia onyesho."

"Niliagiza filimbi, ikaja."

Hakucheka. Alisema nichague, na kwamba katika kazi hii nitalazimika kuchagua mara nyingi. Nilikuwa nalitaka lile shimo kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote duniani. Nililiwaza pale niliposimama, viti vyake, taa zake ndogo za kusomea nota. Nikawaza pia safu ya pili, mtu aliyetoka kazini bila kulala akapitia nyumbani kuvaa kitenge. Nikamwambia siombi radhi kwa ajili ya watu waliokuja kwa ajili yangu, na kama hawana kiti katika opera yake basi hata mimi sina. Shimo likaenda kwa mwenzangu. Jina langu likahamishiwa tawi la kwaya. Jina lilikwenda, mimi sikwenda hata darasa moja.

Nililia ndani ya gari la shangazi njia nzima. Alipoona tumefika gereji na bado nalia, alizima injini.

"Lia umalize," akasema. "Kesho tuna mazoezi. Na nani atashika tarumbeta kama hatuendi?"

Kesho yake walinisubiri chini, wamekaa mahali pao. Nikawaambia nimelikosa lile shimo. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Yule mama peke yake alikuja karibu, akanishika kiwiko.

"Ni mimi, eh?"

"Hapana, mama."

"Usinidanganye. Ni mimi."

"Mama, uliingia palepale nilipokuambia uingie."

Alirudi kukaa, akafuta uso kwa ncha ya kitenge. Mwenyekiti akapiga magoti yake kwa viganja, akasimama. "Sasa sikizeni. Hatukujifunza hii kitu yote for nothing. Wiki ile wanaimba yao huko, sisi tunaimba yetu hapa."

Ndivyo ilivyokuwa. Jumapili ya wiki ile ya opera tuliimba sehemu ile ya mwisho katika chumba cha chini, okestra nzima midomoni, mabomba ya joto yakigonga ukutani. Waumini walishuka, wakajaa mpaka ngazini. Nikiwa najiandaa nikaona nywele nyekundu kati ya watu wa ngazini. Alikuwa amekuja na wenzake wawili wa okestra, na hakuwa na filimbi. Alisema kwa Kiingereza kwamba aliondoka na aibu siku ile ya majaribio, na kwamba kama hatujali angependa kusimama nasi, ila hajui ataanzia wapi.

Mama alisogea kwenye benchi, akapiga-piga nafasi iliyobaki. "Kuja hapa. Sisi wawili ni filimbi." Yule dada hakuelewa neno, akaketi. Nikagawa sauti: soprano, alto, tenor, besi. Nikainua mikono.

"Mwalimu," mama akaniita, "hujampa mgeni sauti yake."

Nikashusha mikono, nikamwinamia yule dada, nikamwimbia nota yake. Alikuwa ndiye aliyecheka wa kwanza, na sote wawili tulikuwa tunakumbuka. Alifumba mdomo, akaipokea, akaivumisha mpaka ikakaa.

Ni yeye aliyetaja jina langu baadaye, kikundi kidogo cha opera alichokuwa akipigia kilipokosa mwongozaji. Kutoka hapo nilikwenda kwingine, na kwingine, mpaka kufika kwenye hivi vyumba vya kahawa na maswali. Shangazi ameacha kusema nasoma mambo ya sanaa. Anasema mtoto wake anapunga mikono, tena anapunga vizuri.

Na katika kila mji, siku ya kwanza ya mazoezi, mbele ya okestra yoyote ile, nagawa sauti. Fidla, filimbi, tarumbeta, fidla nene. Wanacheka, karibu wote. Namwacha anayecheka amalize, kisha nampa tena sauti yake, na simwinulii mkono mpaka aipokee.